Msongo wa Mawazo Usiokwisha: Mwili Nao Unadai Haki Yake

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu wa kamati ya jarida wameniomba darsa la afya la toleo hili liwe juu ya msongo wa mawazo. Nadhani wamenichagua kwa sababu niko mwaka wa mwisho wa udaktari, na kwa sababu wameona jinsi ninavyovutwa pembeni baada ya swala ya Adhuhuri. Huyu moyo unamdunda usiku. Yule kichwa kinamuuma tangu mwezi uliopita na dawa za maumivu hazisaidii tena. Dada mmoja ananitumia ujumbe kwamba akiingia kwenye mtihani anasahau hata alichokisoma asubuhi ile ile. Wengi wao hawana malaria wala homa ya matumbo, na vipimo vimerudi vyeupe. Lakini wanaumwa kweli, na darsa hili nimewaandikia wao.

Tuanze na jambo ambalo watu hulikosea. Msongo wenyewe si ugonjwa. Allah ameuumba mwili na namna yake ya kujihami. Ukipita kichochoro cha Buyenzi usiku na mbwa akakurukia, kabla hujafikiri lolote ubongo umeshatuma habari kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Zinamwaga adrenalini. Moyo unakwenda mbio, pumzi inaongezeka, damu inaondoka tumboni na kukimbilia miguuni, sukari inaingia kwenye damu ili misuli ipate nguvu. Mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, aliyaeleza mabadiliko haya katika kitabu chake cha mwaka 1915. Ukishafika nyumbani na kufunga mlango, baada ya muda mfupi mambo yanarudi kama yalivyokuwa. Hakuna aliyeumwa kwa kukimbizwa na mbwa mara moja.

Taabu ni kwamba mbwa wetu wengine hawaondoki. Memwari haijaisha na mwalimu msimamizi hapatikani. Posho imechelewa. Petroli hakuna, kwa hiyo basi hakuna, na mtu anatoka Kanyosha kwa miguu ili awahi somo la saa mbili asubuhi. Nyumbani wadogo zako wanne wanakutazama wewe. Mwili hauna namna moja ya kujibu mbwa na namna nyingine ya kujibu kodi ya nyumba. Unajibu kwa zana zile zile, kila siku, miezi sita mfululizo. Hapo homoni nyingine, kotisoli, ambayo kazi yake ni kuuweka mwili katika hali ya tahadhari kwa muda mrefu kidogo, inakaa kwenye damu kuliko inavyotakiwa. Presha inapanda. Usingizi unakatika. Kinga ya mwili inalegea. Mtafiti Bruce McEwen wa New York aliliona jambo hili kama mzigo: kila siku ya tahadhari isiyo na mapumziko huongeza kitu mgongoni, na siku moja kiungo fulani huchoka.

Kama unadhani haya ni maneno tu, sikiliza utafiti uliofanywa kwa wanafunzi kama sisi. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, wanafunzi 11 wa udaktari wa meno walikubali kutobolewa kidonda kidogo kwenye kaakaa, yaani juu ndani ya kinywa. Kila mmoja alitobolewa mara mbili: mara ya kwanza wakati wa likizo, mara ya pili siku tatu kabla ya mtihani mkubwa. Vidonda vilikuwa vya ukubwa mmoja, na watu ni wale wale. Vile vya wakati wa mtihani vilichelewa kupona siku tatu zaidi kwa wastani. Uponaji ulikuwa wa polepole kwa asilimia 40. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998. Mimi huwa nayarudia kwa kila anayeniambia kwamba msongo uko kichwani tu. Kidonda hakijui kudanganya.

Kabla ya hapo, mwaka 1991, Sheldon Cohen na wenzake walitoa matokeo ya jaribio jingine. Watu 394 wenye afya walitiwa puani matone yenye virusi vya mafua, kisha wakatazamwa. Kadiri mtu alivyokuwa na msongo mwingi katika maisha yake, ndivyo uwezekano wake wa kuugua ulivyokuwa mkubwa. Sasa unajua kwa nini mabweni yetu hujaa watu wa kukohoa kila wiki ya mitihani.

Na hayo ya kusahau? Kotisoli ikiwa nyingi wakati unatafuta jibu, ubongo hushindwa kulitoa ingawa limo. Ndiyo maana dada yetu hukumbuka kila kitu akishatoka mlangoni. Si mjinga, wala hakurogwa.

Hili la vidonda vya tumbo

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu nusu ya wanafunzi ninaowajua wanasema mawazo yamewapa vidonda vya tumbo, wanakunywa maziwa na kuendelea na safari. Imani hii ina asili yake. Mwaka 1936 mwanasayansi Hans Selye, aliyekuwa Montreal, Kanada, aliandika barua fupi katika jarida la Nature. Alikuwa amewatesa panya kwa baridi, kwa majeraha, kwa kuwachosha, na kila mara alikuta mambo yale yale: tezi za juu ya figo zimevimba, viungo vya kinga vimesinyaa, na tumboni kuna vidonda. Huyu ndiye aliyelifanya neno msongo liwe neno la udaktari. Kwa miaka mingi baada yake madaktari waliwaambia wenye vidonda wapunguze mawazo.

Kisha Waaustralia wawili, Robin Warren na Barry Marshall, wakaonyesha katika miaka ya 1980 kwamba vidonda vingi vya tumbo vinaletwa na bakteria, Helicobacter pylori. Marshall alifika mpaka kuwanywa bakteria hao mwenyewe ili watu waamini. Walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2005. Sababu nyingine kubwa ni dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni, zile zile tunazomeza ili kichwa kitulie tusome. Msongo unaweza kuzidisha maumivu na kuchelewesha kupona, hilo silikatai. Lakini bakteria haondoki kwa maziwa wala kwa kupumzika. Anaondoka kwa dawa alizoandika daktari, zikamalizwa zote. Kwa hiyo ukiwa na moto wa tumbo wa wiki kadhaa, nenda ukapimwe. Na ukiona choo cheusi kama lami au ukatapika damu, usingoje kesho.

Waliotutangulia waliliona

Tunaposoma habari za afya ya nafsi vyuoni, majina tunayosikia ni ya Ulaya na Marekani. Ni wachache wanaomjua Abu Zayd al-Balkhi, aliyezaliwa karibu na Balkh, nchi inayoitwa leo Afghanistan, katikati ya karne ya 9, akafariki mwaka 934. Aliandika kitabu kiitwacho Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi. Nakala zake za mkono zimehifadhiwa Istanbul. Sehemu ya nafsi ilifasiriwa kwa Kiingereza na Malik Badri, mwanasaikolojia wa Sudan aliyefariki mwaka 2021, na tafsiri hiyo ilitoka mwaka 2013. Kama maktaba yetu ya jumuiya ina fedha ya kitabu kimoja tu mwaka huu, rai yangu ni hicho.

Al-Balkhi aliwalaumu matabibu wa zama zake kwa kutibu mwili na kuisahau nafsi, ilhali mtu ni hivyo viwili pamoja, na kimoja kikiumwa hukiambukiza kingine. Alitenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa, na huzuni inayomshukia mtu bila kujua ilikotoka. Hii ya pili aliihesabu kuwa ina asili ndani ya mwili na inahitaji tiba ya mwili. Zaidi ya miaka 1000 iliyopita! Na kuna ushauri wake mmoja ninaoupenda kuliko yote. Anasema kama vile mtu mwenye akili anavyoweka dawa nyumbani kabla ya kuugua, ndivyo anavyotakiwa kujiwekea fikra njema wakati nafsi imetulia, ili siku ya hofu au hasira azikute tayari. Jaribu hili kwa kalamu. Siku ambayo uko sawa, andika mambo matatu ya kweli utakayotaka kuambiwa usiku wa kabla ya mtihani, uweke karatasi ndani ya msahafu au chini ya mto. Usiku ule akili yako haitaweza kuyatunga.

Sasa nitasema jambo ambalo baadhi ya ndugu hawatalipenda. Katika halaka zetu mtu akisema amelemewa, jibu linalokuja haraka ni kwamba imani yake imepungua. Nani aliwafundisha hivyo? Nabii Yaqub alayhis salaam, kwa habari iliyomo ndani ya Sura Yusuf, alihuzunika mpaka macho yake yakageuka meupe. Ni Mtume wa Allah, subira yake ni ya kupigiwa mfano, na bado huzuni iligusa kiungo cha mwili wake. Mtume wetu, swala na salamu zimshukie, alipofiwa na Bi Khadija na Abu Talib, mwaka ule ukaitwa mwaka wa huzuni. Na katika dua zake alizokuwa akizikithirisha, alizozipokea Anas na kuzithibitisha Bukhari, alijikinga kwa Allah na wasiwasi wa yajayo, huzuni ya yaliyopita, na mzigo wa deni. Kitu ambacho Mtume alijikinga nacho hakiwezi kuwa aibu kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili.

Kuna kijana wa hapa chuoni, ameniruhusu niseme habari zake bila jina. Kwa miezi mitatu alikuwa akiamka usiku na moyo unampiga kifuani kama ngoma. Rafiki zake wakamwambia ni jini. Akasomewa, na mimi siipingi ruqya ya kisheria hata kidogo. Lakini katika miezi hiyo mitatu hakuna hata mtu mmoja aliyemfunga mkono akampima presha. Tulipompima ilikuwa 160 juu ya 100. Kipimo kimoja hakitoshi kuhukumu, kwa hiyo alipimwa tena siku nyingine mbili, amekaa ametulia, na bado ilizidi 140 juu ya 90. Ana miaka 22. Mama yake ana presha, na marehemu babu yake alipooza upande mmoja. Msongo haukuwa peke yake. Ulikuta nyumba iliyokwisha kuwa na ufa. Sasa anameza dawa chini ya daktari, amebadili usingizi wake, na adhkari zake za asubuhi na jioni hajaziacha. Alikuwa ameshaandika barua ya kuacha mwaka.

Usingizi kwanza

Wanaoniuliza la kufanya huwa wanataka dawa ya kunywa. Mimi huwauliza wanalala saa ngapi. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi kila usiku. Hapa kwetu, karibu na mstari wa ikweta, Allah ametupa ratiba rahisi mwaka mzima: Magharibi ni kama saa kumi na mbili jioni, Isha ni kama saa moja na robo, Alfajiri inaingia kabla ya saa kumi na moja. Mtu akilala saa tatu na nusu usiku na kuamka saa kumi na nusu, amepata saa 7 kamili na swala ya jamaa juu yake. Ziada ni kwamba anayo saa nzima ya kusoma kabla jua halijachomoza, wakati kotisoli inapanda kwa maumbile yake ili kumwamsha. Usiku wa manane, kinyume chake, homoni hiyo iko chini kabisa na ubongo unadai kitanda. Unaweza kuulazimisha kwa kahawa, lakini unachosoma saa nane usiku hakikai, kwa sababu ni katika usingizi ndipo ubongo hupanga na kuhifadhi yaliyosomwa mchana.

Tunaijua hadithi ya Abu Barza kwamba Mtume hakupenda kulala kabla ya Isha wala mazungumzo baada yake. Simu, ndugu zangu, ni mazungumzo. Tena ni mazungumzo na watu mia mbili kwa pamoja, na nusu yao wana ugomvi.

Kahawa nayo ina hesabu yake. Kafeini huchukua kama saa 5 kupungua nusu mwilini. Kikombe cha saa mbili usiku, saa saba usiku nusu yake bado inafanya kazi. Chai ya rangi nayo inayo, ila kidogo zaidi, na hivi vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu vinayo pamoja na sukari nyingi. Kunywa asubuhi, na baada ya Alasiri basi. Mchana, kati ya Adhuhuri na vipindi vya jioni, qailula ya dakika 20 ni sunna inayopuuzwa. Ukizidisha mpaka saa nzima utaamka mzito na usiku hutalala.

Kama kinachokuzuia kulala ni mawazo yanayozunguka, yatoe kichwani. Kabla ya kuzima taa andika kesho utafanya nini na nini, kwa mpangilio, kisha funga daftari. Kwa mambo mazito zaidi, yale ya nyuma yanayouma, James Pennebaker alifanya jaribio Marekani lililochapishwa mwaka 1986: wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kila usiku kwa siku nne juu ya jambo lililowaumiza. Waliogusa tukio na hisia zake kwa pamoja, katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wengine. Siku mbili za kwanza waweza kujisikia vibaya zaidi. Kisha ukitaka ichane karatasi, hakuna anayeisahihisha.

Kwa moyo unaokimbia papo hapo, kabla ya mtihani au katikati ya usiku, pumzi ndiyo kamba uliyo nayo mkononi. Vuta kwa puani ukihesabu mpaka nne, toa polepole ukihesabu mpaka sita, na endelea dakika tano. Hiyo ni mizunguko 6 kwa dakika. Wakati wa kutoa pumzi, neva inayotoka kwenye ubongo kwenda kwenye moyo huupunguza mwendo, kwa hiyo kutoa kukiwa kurefu kuliko kuvuta, moyo unatii. Wasomaji wa Qur'ani kwa tartili na kusimama mahali pa kusimama wanaijua hali hii bila kufundishwa. Lakini tusiigeuze ibada kuwa kidonge. Tunaswali kwa sababu tumeamrishwa, na utulivu ukija ni neema.

Mwendo wa mwili nitausema kwa kifupi, maana Bujumbura hakuna asiyeona makundi yanayokimbia barabarani Jumamosi na Jumapili asubuhi yakiimba. Jiunge. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kati, na kutembea kwa haraka kunahesabiwa, hata kule tulikolazimishwa na ukosefu wa petroli. Dada wasiopenda barabara wana kamba ya kuruka uani, au kutembea kwa kikundi baada ya Alasiri.

Kuna msongo ambao pumzi na kamba havitauondoa. Mtu ambaye hajala tangu jana mchana hahitaji darsa la kotisoli, anahitaji ugali na ndagala. Aliyedaiwa kodi ya miezi miwili anahitaji mtu wa kwenda naye kwa mwenye nyumba kuomba muda. Al-Balkhi mwenyewe alisema tiba ya nafsi ina msaada wa ndani, ambao ni fikra za mtu mwenyewe, na msaada wa nje unaotoka kwa wengine. Sisi katika jumuiya tumekuwa hodari wa kuandaa mihadhara juu ya subira, na wazito wa kuchangisha faranga. Ningependa mfuko wetu wa dharura uwe na kiasi kinachojulikana, na mtu anayejulikana wa kuombwa kwa siri, wa kaka na wa dada, kabla ya muhula huu kwisha.

Mwisho, dalili za kutafuta daktari bila kujadiliana. Maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi au yanayokuja na kukosa pumzi. Presha inayorudia kuwa juu. Usingizi, hamu ya kula na hamu ya mambo uliyoyapenda vikikutoka karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi. Huo si msongo wa mitihani tena, huenda ni sonona, na ina tiba. Kituo cha magonjwa ya nafsi na neva cha Kamenge kipo kwa kazi hiyo, na kukipita mlangoni hakumfanyi mtu kuwa mwendawazimu.

Na mwenzako akikuambia kwamba amechoka kuishi, au angetamani alale asiamke, usimjibu kwa fatwa. Muulize waziwazi kama anafikiri kujidhuru. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Ondoa chumbani dawa na sumu ya panya. Usimwache peke yake hata kwa muda wa swala, mwombe mwingine abaki naye mpaka urudi. Kisha mpeleke hospitali, hata kama ni usiku, na ukae naye kwenye benchi mpaka aonwe.